Jengo Letu la Shule ya Zamani: Urithi Tuliokabidhiwa

*Mada iliyotolewa mbele ya Usharika na wageni wa Dayosisi katika Juma la Jubilei ya Miaka Mia Moja*



Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uzima hata tukaiona siku hii. Naishukuru pia Kamati ya Jubilei kwa kunipa nafasi ya kusema mbele yenu. Kamati ingeweza kumwalika mtaalamu wa historia kutoka chuo kikuu. Badala yake imemwita mtoto wa hapa, aliyesoma herufi zake za kwanza ndani ya jengo ambalo ndilo mada ya leo. Nimeipokea heshima hiyo kwa unyenyekevu.

Jengo ninaloombwa kulizungumzia ni shule yetu ya zamani, ile iliyoko nyuma ya kanisa, ng'ambo ya mikaratusi. Sababu ya kuombwa naijua, nanyi mnaijua. Baada ya Jubilei hii Mkutano Mkuu wa Usharika utaketi na kuamua kama jengo hilo libomolewe ili pajengwe maduka ya kupangisha, au liachwe lisimame. Wapo miongoni mwetu wenye mawazo tofauti juu ya jambo hili, na wote wanaupenda usharika huu. Sikuja kuwagombanisha wapendwa hawa. Nimekuja kueleza jengo hilo ni kitu gani, ili siku ya kupiga kura kila mmoja ajue anachokipigia kura.

Jengo lenyewe

Wageni wetu, mtakapotoka hapa mtaliona. Ni jengo refu lisilo na ghorofa, lenye vyumba vitatu vya madarasa na chumba kidogo upande wa magharibi kilichokuwa ofisi ya mwalimu mkuu. Kuta zake ni za mawe meusi ya Mlima Meru, yaliyookotwa mtoni na kuchongwa kwa nyundo. Mawe hayo yameunganishwa kwa udongo na chokaa, na unene wa ukuta ni zaidi ya dhiraa moja. Paa ni la mabati yaliyokwisha kula kutu, na upande wa mashariki mvua huingia.

Katika chumba cha kwanza, ubao wa kuandikia ni sehemu ya ukuta wenyewe, iliyopigwa lipu na kupakwa rangi nyeusi. Madawati mawili yaliyosalia yana matundu ya vidau vya wino. Kizingiti cha mlango kimelika katikati kama jiwe la kusagia, kwa sababu ya miguu ya watoto, na miguu mingi kati ya hiyo haikujua kiatu. Nje, kwenye tawi la mkaratusi, ingali inaning'inia ile ringi ya gari iliyokuwa kengele yetu. Mtu mgeni akipita hapo ataona ghala bovu. Sina neno la kumlaumu, kwa kuwa hakuna aliyemwambia.

Lilivyozaliwa

Historia ya Injili katika eneo letu ilianza kwa machozi. Mwezi wa Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Misioni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, Meru. Baada ya hapo yakafuata mashambulizi ya kulipiza kisasi yaliyofanywa na jeshi la Wajerumani, ambayo yaliwaumiza sana Waarusha na Wameru. Kisha ikajengwa Boma ya Arusha, na wenyeji walilazimishwa kuijenga. Wazee wetu walibeba mawe ya boma ile kwa amri, chini ya askari. Misioni ilirudi Meru mwaka 1902, na mwaka 1904 ikafungua kituo Ilboru.

Nalitaja jambo hili la mawe ya Boma kwa makusudi, na ninyi vijana mlishike, kwa sababu tutalirudia.

Kutoka vituo hivyo vya kwanza, elimu na Injili vilitembea kwa miguu ya walimu wenyeji. Hapa kwetu shule ilitangulia kanisa. Kabla ya kuwapo usharika palikuwapo mwalimu, mti na watoto waliokaa chini wakiandika mchangani kwa vidole. Tunapohesabu miaka mia moja ya usharika, tunahesabu tangu siku za mti ule.

Kwa nini basi wazee wakatoka chini ya mti na kujenga kwa mawe? Sababu ya kwanza ilikuwa ya imani. Kanisa letu la Kilutheri limelelewa katika shule tangu mwanzo. Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwasihi waanzishe na kuzitunza shule za Kikristo, na mwaka 1529 akatoa Katekisimo Ndogo ili kila nyumba ipate kujifunza. Mkristo asiyeweza kujisomea Neno hutegemea macho ya mwingine. Wazee wetu hawakumsoma Luther, lakini jambo hili walilielewa vema.

Sababu ya pili ilikuwa ya kiserikali. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika ya Mashariki kuchunguza hali ya elimu. Miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo Mwafrika mmoja, Dakta James Aggrey, mzaliwa wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Tume hiyo ilishauri serikali na misioni zishirikiane. Serikali ya Waingereza ikaanza kutoa ruzuku kwa shule za misioni zilizotimiza masharti yake na kukubali kukaguliwa. Shule za vichakani zilibaki bila msaada. Kwa hiyo jamii iliyotaka watoto wake wasonge mbele ilipaswa kuonyesha kwamba ina nia, na nia ilionekana kwa kuta.

Marehemu bibi yangu alinisimulia jinsi kuta hizo zilivyoinuka. Wanaume walichonga mawe. Akina mama walisomba maji na udongo. Na kila mtoto aliyekuja shuleni asubuhi alikuja na jiwe moja kutoka mtoni, kubwa kadiri ya nguvu zake. Asiye na jiwe alirudishwa mtoni. Bibi hakuwa mwanafunzi, kwa kuwa nyumbani kwao hawakuona faida ya kumpeleka binti shuleni. Hata hivyo alibeba jiwe la kaka yake mdogo aliyekuwa mgonjwa wa homa, ili kaka asikose darasa. Alifanya hivyo kwa muda wa juma zima. Mawe yake yamo ukutani, ingawa yeye mwenyewe hakuketi ndani hata siku moja.

Sasa rudini kwenye Boma. Mawe ya Boma yalibebwa kwa kiboko. Mawe ya shule yalibebwa kwa hiari, na watu walewale, au wana wao. Boma ya Arusha imehifadhiwa. Tangu mwaka 1987 ni Makumbusho ya Taifa ya Elimu Viumbe, na watalii hulipa kiingilio kuiona. Wala sisemi vibaya. Ni vema imehifadhiwa. Nauliza tu: ikiwa tumeyatunza mawe ambayo babu zetu waliyabeba kwa kulazimishwa, tutawaeleza nini wajukuu kuhusu yale waliyoyabeba kwa kupenda?

Waliolishika wakati wa dhoruba

Katika vitabu vya historia ya misioni tunasoma majina ya wamisionari, nasi tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini kazi hii iliachwa mikononi mwa wenyeji mara mbili. Katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Waingereza yaliingia Arusha mwezi wa Machi 1916, na mwaka 1920 wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa nchini. Ndugu zetu wa Misioni ya Augustana kutoka Marekani walikuja kusaidia, na baadaye Waleipzig wakarudi. Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939 mambo yakawa yaleyale: Wajerumani wakakamatwa na kuwekwa kizuizini, na Augustana wakapewa tena mzigo wa kuangalia eneo kubwa kuliko idadi yao.

Je, katika miaka hiyo nani alipiga kengele asubuhi? Nani alifundisha kusoma, akaendesha ibada ya Jumapili, akazika wafu na kutembelea wagonjwa? Ni walimu Waafrika. Wachungaji wa kwanza Waafrika wa eneo hili la kaskazini walibarikiwa mwaka 1934, lakini walikuwa wachache mno. Sehemu nyingi mwalimu wa shule ndiye aliyekuwa mtunza kundi. Mshahara ulipokosekana alilipwa kwa debe la mahindi au mkungu wa ndizi, na siku nyingine hakulipwa kabisa.

Walimu hao hawakuacha vitabu. Wengi wao hawana hata picha. Alama walizotuachia ni wanafunzi wao, ambao nao wanaondoka mmoja baada ya mwingine, na chumba walichofundishia. Hili ndilo neno langu kuu leo, na kama mtasahau mengine yote, naomba mlikumbuke hili moja: jengo lile ni kitabu pekee ambamo wameandikwa watu wetu ambao hakuna kitabu kingine kilichowaandika. Tukilibomoa, tumechana daftari ambalo nakala yake haipo.

Baada ya Uhuru

Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, chini ya uongozi wa Askofu Stefano Moshi. Miaka minne baadaye, Azimio la Arusha likatangazwa, na mwezi uliofuata Mwalimu Nyerere akatoa andiko lake juu ya Elimu ya Kujitegemea. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, shule za misioni ziliingia mikononi mwa Serikali ili watoto wote wasome bila kuulizwa dini zao.

Nakumbuka siku tuliyoelezwa habari hiyo. Nilikuwa darasa la tatu. Mwalimu wetu alitupanga mstari nje, akatuambia kwamba kuanzia siku hiyo shule ni ya Taifa. Kisha akaturudisha darasani tukaendelea na hesabu za kugawanya. Wazee wengine waliona uchungu, wakisema wamenyang'anywa jasho lao. Wengine walifurahi, kwa sababu majirani zetu Waislamu na wale wa dini za jadi sasa walileta watoto wao bila wasiwasi. Nimeishi muda wa kutosha kuona kwamba pande zote mbili zilikuwa na haki. Jengo lilizidi kuwa la wote, na leo katika mtaa huu wako watu wengi wasio washarika wetu ambao nao wana jiwe lao mle ndani.

Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Jioni, sisi watoto tulipotoka, mama zetu waliingia. Mama yangu alikuwa miongoni mwao. Aliketi katika dawati nililokuwa nimekalia asubuhi, magoti yake yakigonga mbao kwa kuwa dawati lilikuwa dogo, akajifunza kuandika jina lake. Jumapili iliyofuata aliandika mwenyewe jina lake kwenye bahasha ya ahadi, akampa mtunza hazina kwa mikono miwili. Binti wa yule bibi aliyebeba mawe bila kuingia darasani, hatimaye aliingia. Ilichukua kizazi kizima.

Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote ulipokuja, kufuatia Azimio la Musoma la mwaka 1974, vyumba vitatu havikutosha. Shule mpya ikajengwa upande wa chini, na jengo la zamani likarudi kutumiwa na usharika. Limekuwa darasa la kipaimara, Shule ya Jumapili, ghala la mahindi ya mavuno, na mwishowe stoo ya viti vilivyovunjika.

Sitaki kuwapa picha ya uongo. Ndani ya vyumba vile walikuwamo pia watoto waliochapwa kuliko kiasi. Walikuwamo waliovalishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama zao. Mabinti walikuwa wachache kwa miaka mingi, na mila njema zilihukumiwa pamoja na mbaya bila kutenganishwa. Urithi hauchaguliwi kama nyanya sokoni. Anayerithi shamba hurithi na mawe yake. Jengo linatusaidia kukumbuka yote mawili, shukrani na toba, na Kanisa linavihitaji vyote viwili.

Kosa ambalo nililitenda

Wapendwa, nasema haya nikiwa mkosaji. Miaka mingi iliyopita nilitumikia usharika mmoja, ambao sitautaja jina. Nao ulikuwa na shule ya zamani kando ya barabara. Wazo la maduka likaja, na mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti wa kikao kilichopitisha. Nilikuwa kijana, nilitaka maendeleo yaonekane. Jengo lilibomolewa kwa siku mbili. Mawe yake tulimwuzia fundi mmoja, akayafukia katika msingi wa nyumba ya wageni.

Miezi michache baadaye alifika bibi mmoja mzee sana, ameshikwa mkono na mjukuu wake aliyekuwa amemaliza masomo ya ualimu. Alitoka mbali kwa basi. Alitaka kumwonyesha mjukuu jiwe lililokuwa karibu na dirisha la pili, ambalo baba yake alilichora alama kwa patasi alipokuwa fundi. Nilimkuta amesimama mbele ya duka la vipuri, anatazama huku na huku. Akaniuliza kwa upole, "Baba Mchungaji, mmeliweka wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilimkaribisha chai. Alikunywa, akashukuru, akaondoka. Kwa kodi ya maduka yale usharika ulinunua vipaza sauti na kukarabati nyumba ya mchungaji, yaani nyumba yangu. Fedha zilikuja, sikatai. Lakini swali la bibi yule sijalijibu mpaka leo, na tangu siku hiyo sijawahi kuinua mkono kupitisha ubomoaji wa kitu ambacho sikukijenga mimi.

Kujibu hoja

Naomba nizijibu hoja tatu ninazozisikia.

Ya kwanza ni ya kiroho. Ndugu wengine husema: Mungu hakai katika nyumba zilizojengwa kwa mikono, kwa nini tung'ang'anie kuta? Ni kweli kabisa. Mungu hahitaji kuta ili atukumbuke. Sisi ndio tunaosahau. Israeli walipovuka Yordani, Bwana alimwagiza Yoshua achukue watu kumi na wawili, kila mmoja abebe jiwe begani mwake kutoka katikati ya mto, ili watoto wa baadaye watakapouliza habari za mawe hayo, wazazi wapate cha kueleza. Angalieni: mawe yale hayakuabudiwa. Kazi yake ilikuwa kumfanya mtoto aulize swali. Mahali pasipo na jiwe, mtoto haulizi, na mzazi hasimulii.

Hoja ya pili ni ya fedha. Usharika unahitaji mapato, na kiwanja chetu kimekuwa na thamani kubwa tangu mji ulipotufikia. Zamani hapa palikuwa migomba na kahawa; leo ni nyumba, maduka na bodaboda. Hoja hii ni nzito, nami naiheshimu. Lakini tazameni kiwanja kwa makini. Upande unaotazama barabara ni ule wenye kibanda cha zamani cha chai na miti ya uzio, ambapo maduka yanaweza kujengwa bila kugusa shule hata tofali moja. Jengo la shule liko nyuma, mahali ambapo mteja angelazimika kulitafuta.

Hoja ya tatu inasema jengo limechakaa na litaanguka. Nimelikagua pamoja na fundi mwashi mzoefu. Kuta kuu ni nzima. Palipoharibika ni pale tulipotengeneza sisi wenyewe. Miaka ya nyuma tulipiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa udongo na chokaa, tukidhani tunauimarisha. Ukuta wa namna ile hupumua: unyevu wa ardhini hupanda ndani yake na kutokea nje polepole. Saruji ikiuziba, maji hubaki ndani, udongo hulainika, chumvi husukuma lipu, na vipande huanguka. Dawa yake ni kuibandua saruji kwa uangalifu, kuziba kwa chokaa, kuweka mifereji ya kukinga maji ya paa, na kuchimba mtaro wa kuyaondoa maji kwenye msingi. Kenchi zilizoliwa na mchwa zibadilishwe hizo tu, zilizo nzima zibaki. Kazi hiyo haihitaji mkandarasi mkubwa. Inahitaji fundi mwenye subira na usharika wenye nia.

Sheria haitatulindia

Wengine wanafikiri Serikali itazuia jengo la zamani lisibomolewe. Ni vema tujue ukweli. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo la baadaye hulindwa pale tu Waziri mwenye dhamana anapolitangaza rasmi. Mwaka 1863 hapakuwa bado na misioni katika eneo letu. Kwa kipimo hicho, karibu kila shule na kila kanisa la kwanza la bara liko nje ya ulinzi huo wa moja kwa moja. Mlinzi wa jengo letu ni Mkutano Mkuu wa Usharika, yaani ninyi mlioketi hapa.

Wala tusidhani kwamba jengo dogo la mtaani halistahili heshima. Nendeni Kaloleni, hapa Arusha, mkaone Makumbusho ya Azimio la Arusha. Jengo lile halikuwa kasri. Lilikuwa ukumbi wa jamii. Limetunzwa kwa sababu ya maneno yaliyosemwa ndani yake mwezi wa Januari 1967, wakati Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana. Thamani ya jengo hutokana na kile kilichotendeka ndani. Na ndani ya shule yetu lilitendeka jambo ambalo nchi nzima imesimama juu yake: mtu aliyekuwa hajui kusoma aliingia, akatoka anajua.

Mapendekezo

Baba Askofu na wapendwa, ili nisiishie katika maneno, naleta mapendekezo matano.

Kwanza, Mkutano Mkuu wa Usharika uazimie kwamba jengo la shule ya zamani halitabomolewa, na maduka yajengwe upande wa barabara.

Pili, kabla ya masika yajayo, paa lizibwe na mifereji iwekwe. Jengo la mawe huvumilia mengi, lakini halivumilii paa linalovuja.

Tatu, jengo lirudi kazini. Jengo lisilotumika hufa hata likipakwa rangi. Chumba cha kwanza kiwe maktaba na mahali pa kujisomea wanafunzi wetu wa sekondari, ambao wengi nyumbani hawana nafasi wala taa ya uhakika. Cha pili kiendelee kuwa darasa la kipaimara. Cha tatu kihifadhi kumbukumbu za usharika: rejesta za ubatizo, picha, vitabu vya zamani vya tenzi, na yale madawati mawili.

Nne, vijana wetu wenye simu za kurekodi wawatembelee wazee wote waliosoma au kufundisha pale, Wakristo na wasio Wakristo, wachukue sauti zao. Jengo lipimwe na kuchorwa, kila ukuta upigwe picha. Kazi hii isingoje mwakani. Mwaka huu peke yake tumezika watatu ambao wangeweza kutusimulia.

Tano, kiandikwe kitabu cha majina. Pasiwekwe bamba la marumaru lenye jina la mtu mmoja mkubwa. Pawekwe daftari nene, kila ukoo uandike majina ya waliobeba mawe, waliofundisha na waliosoma. Atakayelifungua amwone bibi yake. Jina la bibi yangu nitaliandika mwenyewe, nami nitaandika mbele yake: alibeba mawe ya kaka yake kwa juma zima.

Hitimisho

Nilipokuwa mwanafunzi wa theolojia Makumira tulifundishwa kwamba Kanisa ni watu, wala si majengo. Nimelihubiri somo hilo kwa zaidi ya miaka thelathini na bado naliamini. Ndiyo maana nawasihi tulitunze jengo hili: kwa ajili ya watu walio ndani ya mawe yake, na kwa ajili ya watoto ambao bado hawajazaliwa, watakaopita hapo na kuuliza.

Siku moja atakuja mzee kutoka mbali, ameshikwa mkono na mjukuu wake, anatafuta jiwe karibu na dirisha. Naomba siku hiyo mchungaji wa usharika huu, yeyote atakayekuwa, aweze kumjibu, "Karibu mzee, lipo. Twende nikuonyeshe."

 Mungu awabariki ninyi, aubariki usharika wetu katika miaka mia moja inayoanza, na jina lake litukuzwe. Amina.